Pointi Nilizomfungia Fintan Looby

Mei 12, Jumapili

Kitabu hiki nilipewa bure Krismasi na kiwanda cha maziwa kwa kuwa mimi ndiye dereva wao bora. Tuko wawili. Kimekaa kitupu miezi minne, leo nakianza kwa sababu tumetolewa kwenye mashindano, na lazima mtu aandike ukweli kabla watu wa Kilvoher, parokia yetu, hawajaupinda.

Ukweli ni kwamba tumefungwa kwa tofauti ya pointi tatu, na kati ya pointi zetu tisa, saba ni zangu. Mbili zilizobaki, moja ilifungwa na upepo.

Mimi, Malachy Tuohy, miaka thelathini na moja, ndiye mtu pekee wa parokia hii anayecheza yote mawili kwa kiwango cha kuogopwa: mpira mkubwa, ule wetu wa mikono na miguu, na hurling, wa fimbo na kampira kagumu ka ngozi. Wananiita Pande Mbili. Nimebeba zege Birmingham na Boston, nikacheza kote huko, na mwenzangu sijamwona. Shule niliiacha mapema, lakini hakuna mpira ulioniuliza cheti.

Sasa mpira mkubwa umekwisha, umebaki wa fimbo. Kiatu kimoja msimu mzima. Nitakuwa kichaa.

Mei 13

Mvua. Breda, dada yangu ninayeishi naye, amenipiga marufuku kusimulia mechi mezani.

Mei 30, Alhamisi

Christy Meade amenisubiri nje ya kiwanda, amejikunyata ndani ya koti. Christy anauza chakula cha mifugo Gortavella, huko kaskazini penye maziwa na matope, na timu yao ya mpira mkubwa iko mikononi mwake. Mimi nazungukia huko na lori tangu Machi, kubeba madebe ya maziwa ya wakulima wadogo. Watu wa huko fimbo ya hurling wanaijua kwa kufukuzia ng'ombe tu, kwa hiyo sura yangu maarufu haiwaambii kitu.

Anasema amebaki na wachezaji kumi na wanne na nusu. Nusu ni shemeji yake. Lakini daftari la timu bado lina jina la Fintan Looby, aliyekwenda London miaka minne iliyopita na hakuna aliyemfuta.

"Jina lipo, jezi ipo," akaniambia. "Pungufu ni mwili tu, bingwa."

Nilikubali kabla hajafika kwenye neno bingwa.

Juni 2, Jumapili

Orodha ya majina huandikwa kwa Kiayalandi, sheria inataka hivyo, na nusu yetu hatuwezi kuisoma. Refa aliponiuliza mimi nani, nikamjibu Fintan Looby kama niliyebatizwa hivyo. Goli moja la wavuni, na pointi tano za juu ya mwamba. Watazamaji wa Gortavella wanajua kila kitu, wakawa wanapiga kelele, "Mpe Fintan, mpe Fintan," huku wanavunjika mbavu. Sijawahi kucheza kwa raha hivyo.

Juni 6, Alhamisi

Gazeti la kaunti limetoka. "Mchezaji wa siku bila ubishi ni F. Looby." Nimesoma mara sita, na mara ya sita bado ilikuwa tamu.

Mwisho wa njia yangu yuko Mama Fintan. Ni mjane, ng'ombe wanne, nyumba iko peke yake juu ya bwawa. Dukani haendi tangu alipomzika mumewe, kwa hiyo kila Alhamisi namwachia gazeti chini ya jiwe, kwenye jukwaa la madebe kando ya barabara. Hakuna aliyeniomba, moyo wangu tu ni mkubwa.

Leo nimelikunja ukurasa wa michezo ukiwa nje. Nilitaka mtu mmoja zaidi auone. Nilipofika kwenye kona ya kanisa ndipo nilipokumbuka mama huyu ni mama wa nani. Nikapunguza mwendo. Halafu nikaongeza.

Juni 7

Mvua. Gazeti halipo jukwaani. Amelichukua.

Juni 10, Jumatatu

Alikuwa amesimama pale kwenye madebe, na koti la mwanamume, ananisubiri. Tangu Machi sikuwahi kumwona kwa karibu. Mfupi, macho ya kijivu.

"Wewe baba unazunguka kaunti nzima," akasema. "Fintan wangu amefikia kwa nani?"

Nikamwambia simjui, mimi ni mtu wa hurling, mambo ya huku siyajui. Uongo ulitoka bila kukwaruza popote.

Akanieleza, mvua inatunyeshea wote wawili. Fintan na baba yake waligombana kwa ajili ya shamba, kijana akaondoka bila kuaga. Mzee alipokufa mwaka jana, barua ilipelekwa anwani ya zamani ikarudi. Sasa anasoma gazetini kwamba mwanawe amerudi, anacheza mpira maili mbili kutoka mlangoni kwake.

"Anaona aibu kuingia," akasema. "Alikuwa hivyo tangu mdogo. Ukimwona mwambie mlango haufungwi."

Nikanyanyua madebe. Yalikuwa mawili tu. Leo yamenivunja mgongo.

Juni 11

Nimemwambia Christy lazima mtu amweleze yule mama. Akasema alidhani padri amekwisha mweleza. Padri, anasema Christy, alidhani jirani. Jirani alidhani Christy. Nikauliza nani aende sasa. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kwani mimi ninavyoona, nani anayemwona kila siku.

Juni 23, Jumapili

Nilicheza tena.

Pointi saba. Sina la kuongeza.

Juni 27, Alhamisi

Gazeti nimelificha chini ya kiti cha lori. Nimemwambia Mama Fintan limelowa. Akasema hamna shida, ametembea hadi dukani asubuhi akanunua la kwake, mara ya kwanza kuingia pale tangu mazishi.

"Pointi saba," akasema. "Miguu hiyo ni ya baba yake."

Kwa kweli ni ya mama yangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa anakimbiza bata kama farasi. Nilitaka kumwambia kwa mzaha. Ona nilipofikia.

Julai 3

Mvua. Nyasi zinaoza mashambani, hakuna aliyekausha hata fungu moja.

Julai 11, Alhamisi

Mama Fintan ameniomba niingie nimsaidie kubeba godoro. Analianika mbele ya jiko, litoke unyevu, la chumba cha Fintan. Jikoni amepaka chokaa. Mezani sahani mbili, na nilipouliza nani mgeni, akaniambia kila Jumapili hupika nyama ya nguruwe ya chumvi na kabichi kwa watu wawili, na kila Jumatatu kuku wanakula vizuri.

Kisha akasema, taratibu, kwamba ameanza kuchoka naye. Uwanja ule uko maili mbili. Hata mtu mwenye aibu hana aibu ya wiki sita.

Nimerudi nyumbani nikamweleza Breda kila kitu. Hakupiga kelele, na Breda ni mtu wa kelele. Aliendelea kumenya viazi, akaniuliza, "Kwa hiyo mama yule anamkasirikia mwanawe kwa sababu wewe unapenda kutazamwa?"

Julai 12

Mvua. Breda hanisemeshi.

Agosti 4, Jumapili

Jambo la kheri angalau. Kilvoher tumeshinda nusu fainali ya hurling. Tuko fainali ya kaunti kwa mara ya kwanza tangu mwaka niliozaliwa. Nilicheza katikati, fimbo iliwaka mikononi, pointi sita kwa jina langu mwenyewe.

Mwalimu Hession, aliyenifundisha kusoma kwa shida na kucheza kwa urahisi, ndiye anayeongoza timu. Si mtu wa maneno. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo akasimama juu ya benchi, akasema amengoja miaka thelathini, na kwamba mwaka huu anaye mtu wa kumtegemea. Akanionyesha kwa kidole. Wenzangu wakapiga fimbo sakafuni.

Mwezi uliopita ningeandika kurasa nne juu ya hilo.

Agosti 17, Jumamosi

Kesho nusu fainali ya Gortavella. Nilimwambia Christy sichezi. Akanijibu kwamba vizuri, basi tutapoteza, na watu watauliza Fintan yuko wapi, na wakiuliza sana watajua Fintan ni nani, nitafungiwa, na Kilvoher watamkosa mtu wao fainali. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anapima shayiri huku anaongea.

Nitacheza. Mara ya mwisho.

Agosti 18, Jumapili

Alikuja.

Nitaandika yote, nikiruka kitu nitajua nimekiruka.

Mvua ilikuwa inapiga ubavuni. Kipindi cha pili, dakika kama ya kumi, nilikuwa naufuata mpira upande wa goli la chini, mashabiki wanapiga ile kelele yao, Fintan, Fintan, na kicheko chake. Kisha nikasikia Fintan nyingine. Haikuwa ya kelele. Ilikuwa ya mtu anayemwita mwanawe aje kula.

Nikageuka. Miezi miwili na nusu naitikia jina lile, shingo iligeuka yenyewe.

Alikuwa amesimama nyuma ya waya, na lile koti la marehemu, kitambaa kichwani, ameshika mkebe wa bati kifuani usilowe. Alinitazama usoni. Akatazama namba mgongoni kwa mwingine aliyepita, akamtazama mwingine, akarudi kwangu. Niliona anavyohesabu. Mtu wa maziwa. Namba kumi na moja. Mtu wa maziwa.

Watu wa Gortavella waliokuwa karibu naye walinyamaza mmoja mmoja, kama taa zinavyozimwa kanisani baada ya misa. Wote wanamjua tangu utoto wao. Kila mmoja akapata kitu cha kutazama chini.

Refa akapiga filimbi, tumepewa mpira wa adhabu, na anayepiga ni mimi. Niliweka mpira chini, nikajiambia ukose, Malachy, ukose japo huu mmoja kwa heshima yake.

Nilifunga. Naandika ukweli. Mguu haukutikisika hata kidogo, na sekunde ile mpira ulipopita juu ya mwamba, nilifurahi.

Nilipotazama waya, hakuwepo.

Tulishinda. Chumbani shemeji wa Christy akaingia na mkebe, aliukuta juu ya nguzo ya geti la uwanja. "Fintan, mama yako amekuletea," akasema. Wawili watatu wakacheka, halafu wakautazama mkebe. Ndani mlikuwa na mkate wa zabibu, bado vuguvugu. Wanaume kumi na watano wenye njaa, na hakuna aliyetoa kisu.

Agosti 19

Nimeuweka mkebe kwenye jukwaa lake, chini ya jiwe, na mkate ndani. Mlango wa nyumba umefungwa. Madebe yapo.

Agosti 20

Mvua. Mkebe upo.

Agosti 22, Alhamisi

Mkebe upo. Nimeweka gazeti juu yake. Niliporudi kupita, gazeti lilikuwa matopeni.

Agosti 26

Upo.

Septemba 2

Upo. Mazoezini Mwalimu Hession ameniuliza kama naumwa. Nimemwambia meno.

Septemba 8, Jumapili

Nimekwenda kwa miguu kutoka njia panda, bila lori, na mkebe kwapani. Nimegonga. Akafungua, akabaki amesimama mlangoni. Mezani nyuma yake niliona sahani moja.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Mimi, niliyewachekesha polisi wa Boston, nikashindwa kutoa hata salamu. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

"Radhi ya nini?" akauliza. "Ya jina?"

Nikasema ya jina, ya gazeti, ya kila kitu.

"Jina si kitu, ningekupa mwenyewe ukiliomba. Sikiliza, mtu wa maziwa. Wiki kumi nilimsubiri, na kila wiki nilimchukia kidogo zaidi. Julai nikatoa picha yake ukutani. Nikaiambia, kama maili mbili zinakushinda, basi usije, hata nikifa usije." Alishika fremu ya mlango. "Nilimwambia hivyo mtoto ambaye hakufanya lolote. Mahali alipo hajui kama amekosewa wala kama amesamehewa. Sasa wewe unataka nikupe nini?"

Nikamuuliza nifanye nini.

"Mimi si mama yako," akasema. Akachukua mkebe, akafunga mlango polepole.

Nilisikia anaufungua kule ndani. Mkate ulikuwa umeota ukungu, nilijua.

Septemba 9

Christy anasema nisicheze fainali yao kama sitaki, yupo binamu yake wa Dublin. Jina litakuwa lilelile. Nikauliza kwa nini lazima lile. Anasema ndilo lililoko daftarini.

Kwa hiyo tarehe 22 F. Looby atacheza tena, na Alhamisi inayofuata atafunga tena gazetini, akina mimi tukiwa tumekaa kimya.

Septemba 12, Alhamisi

Barua kwa kamati ya kaunti. Nimeiandika mara tano. Ya kwanza ilikuwa na mzaha, ya pili ilikuwa na sababu, ya tatu ilikuwa na Christy. Hii ya tano ina mistari minne: ni mimi niliyecheza, tarehe hizi tatu, Fintan Looby hakuwepo na hakujua, naomba hilo la mwisho lichapishwe.

Breda amesahihisha tahajia. Akauliza kama najua nitafungiwa mwaka, na fainali ya hurling ni tarehe 29. Nikamwambia najua. Akachemsha chai, akakaa upande wangu wa meza.

Septemba 13

Nimemwambia Mwalimu Hession kabla posta haijafika, nyumbani kwake. Mkewe alikuwa anashona namba kwenye jezi. Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ungeweza kusubiri wiki mbili, Malachy."

Nikamwambia kabla ya hapo jina lingecheza tena.

Akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa, na hiyo ndiyo iliyoniua. Angenitukana ningepona. Akaniomba nirudishe ufunguo wa uwanja.

Septemba 24

Kamati imeamua. Gortavella wametolewa, fainali yao ilisimamishwa. Mimi mwaka mzima, michezo yote miwili. Kioo cha lori kimepakwa mavi ya ng'ombe. Inaweza kuwa Gortavella, inaweza kuwa Kilvoher. Kwa mara ya kwanza kaunti nzima imekubaliana.

Septemba 26, Alhamisi

Imechapishwa. Jina langu kwa herufi kubwa, na chini yake: "Kamati inathibitisha kwamba F. Looby hakuhusika kwa namna yoyote." Nimeliweka gazeti chini ya jiwe, ukurasa huo ukiwa nje. Jioni halikuwepo jukwaani wala matopeni.

Septemba 29

Mvua. Uwanja umejaa maji, samaki wangeweza kucheza. Fainali imeahirishwa hadi tarehe 13.

Oktoba 9, Jumatano

Alikuwa kwenye madebe, na bahasha mkononi. Sikuzima injini, sikujua kama naruhusiwa.

Barua ya London. Kuna baa huko ambako gazeti letu hufika siku mbili tatu baadaye, na mtu alimsomea Fintan kwa kicheko. Kumwandikia mama yake imemchukua siku tano. Alinisomea kipande kimoja tu, amekisogeza mbali na macho: "Waambie sijawahi kufunga goli maishani, hata mazoezini. Mimi nilikuwa beki."

"Ni kweli," akasema. "Alikuwa beki mbaya."

Mengine hakunisomea. Kama atakuja, hakusema. Nami sikuuliza. Viazi vyake vinaoza ardhini kwa mvua hii, akasema, na Jumapili kama sina kazi.

Alijua sina.

Oktoba 13, Jumapili

Kaunti nzima iko uwanjani. Mimi nimechimba viazi vya Mama Fintan tangu asubuhi, matope hadi magotini, na nusu ya viazi ni vibovu. Mchana akaniita.

Mezani sahani tatu. Nikavuta kiti kilicho karibu.

"Hapo pana mwenyewe," akasema.

Nikakaa kwenye kigoda, upande wa mlango. Picha imerudi ukutani. Kijana wa kawaida, masikio makubwa, hatufanani hata kidogo.

Akawasha redio, ile ya watu wa mtaani wanaotangaza bila kibali. Mtangazaji alikuwa anasoma kwenye vile vijitabu vya fainali vilivyochapwa Septemba, kabla ya mambo. Namba nane ndani ya kijitabu ni mimi. Namba nane uwanjani ni Declan Fahy, mtoto wa fundi magari, aliyepewa jezi yangu.

"Malachy Tuohy," redio ikasema, "kutoka mbali sana, na ni pointi."

Nilikuwa na kiazi mdomoni.

Akafunga tena. Malachy Tuohy yuko katika siku ya maisha yake, mabibi na mabwana. Nilimfikiria mama wa Declan amekaa jukwaani na redio ndogo sikioni, kama wanavyofanya wengi, anamwona mwanawe akifunga na kusikia amefunga mtu mwingine. Nikaweka uma chini.

Mama Fintan alikuwa anakata nyama, hakuinua macho.

"Huyu Tuohy anacheza vizuri," akasema.

"Si yeye, Mama Fintan."

"Najua si yeye," akasema. "Kula."

Mtangazaji alisahihishwa kipindi cha pili, akaomba radhi kwa familia ya Fahy, sekunde mbili, akaendelea. Niliosha matope kwenye ndoo yake, nikashukuru, nikaondoka. Ile sahani ya tatu aliifunika na nyingine juu, akaiweka pembeni ya jiko ipate joto.

Tumeshinda kwa pointi moja.

Nimelikata hilo neno. Wameshinda.